Cherehani Nyeusi Irudi, kwa Bei ya Fundi

Tunaomba ruhusa ya kuutumia ukurasa huu, mara hii moja, kwa jambo la chuma, mbao na uzi. Tamanio letu ni hili: kampuni inayomiliki leo jina la Singer ianze tena kutengeneza ile cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, kwa chuma kilekile na kwa uangalifu uleule wa zamani, kisha iiuze kwa bei ambayo fundi wa Uvira anaweza kuilipa. Tunajua kwamba tamanio hili laweza kuonekana dogo mbele ya matatizo ya mji wetu. Hata hivyo, sisi tunaoshona kwa ajili ya riziki tunajua ni nyumba ngapi, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, zinazopata chakula cha jioni kwa sababu gurudumu moja la chuma limezunguka barazani tangu asubuhi.

Sura yake kila mtu wa mwambao huu anaijua, hata kama kwao wanaiita mashini tu. Kichwa chake ni cha chuma cha kusubu, kimepakwa rangi nyeusi iliyookwa tanuruni tabaka juu ya tabaka, na juu ya weusi huo zimewekwa nakshi za rangi ya dhahabu; katika baadhi yake huonekana yule simba wa Misri mwenye uso wa binadamu. Nakshi nazo zimefunikwa kwa vanishi. Chini ya kichwa kuna meza ya mbao, na chini ya meza miguu ya chuma yenye mapambo, jina la SINGER likiwa limesimama katikati. Fundi hukanyaga, gurudumu kubwa huzunguka, mkanda wa ngozi huupeleka mzunguko juu, na sindano hushuka kukutana na uzi wa chini. Mtoto akikaa sakafuni kwa nusu saa, akatazama, huelewa jinsi kila kipande kinavyokitegemea kingine. Wengi wetu tulijifunza hivyo, miaka kabla ya kuruhusiwa kuigusa.

Rangi ile haikuwa urembo peke yake. Mwambao wetu una unyevu mwingi, na chuma kisichofunikwa hushika kutu kabla msimu wa mvua haujaisha. Tumeona cherehani zenye umri kuliko bibi zetu, nakshi zake zimefutwa na mikono ya watu watatu au wanne waliorithiana, lakini weusi bado umeshikamana na chuma chake. Atakayetuambia kwamba rangi ni jambo la juujuu, basi hajawahi kusugua kutu kwa mchanga wa ziwa.

Katika mashine nyingi zilizobaki mjini kwetu, namba ya aina hufuatwa na herufi K, kama katika 15K. Herufi hiyo yatokana na Kilbowie, mahali katika mji wa Clydebank huko Uskoti, ambapo Singer ilifungua kiwanda mwaka 1885. Mwaka 1913 mashine zaidi ya milioni 1.3 zilisafirishwa kutoka hapo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Kituo cha reli kilichokuwa kikiwahudumia wafanyakazi wake bado kinaitwa Singer, na wasafiri hushuka pale penye jina lakini pasipo na mashine.

Inafaa kukumbuka pia jinsi cherehani ilivyoingia katika nyumba za watu wa kawaida, maana jibu la swali la bei limo humo. Isaac Merritt Singer alipata hataza yake mwaka 1851. Mashine za kwanza ziliuzwa kwa dola 100 na zaidi, fedha ambayo familia nyingi za Marekani zingehitaji miezi kadhaa kuipata. Mshirika wake, mwanasheria Edward Clark, alitambua kwamba wanaoihitaji zaidi mashine ndio wasioweza kuinunua. Mwaka 1856 akaanzisha utaratibu wa kulipa kidogo mwanzoni, kuichukua mashine nyumbani, kisha kuimaliza deni mwezi kwa mwezi kwa kazi ya mashine yenyewe. Sisi wa likelemba tunaielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa. Clark hakufanya hivyo kwa huruma. Alifanya biashara, na alitajirika sana. Lakini aliamini kwamba mshonaji asiye na kitu leo anaweza kuaminiwa kulipa kesho, na imani hiyo tunaitafuta bila kuiona siku hizi.

Kwetu huku sindano ilifika pamoja na ukoloni, na makusudi yake hayakuwa safi. Ng'ambo ya Ruzizi, katika Usumbura iliyokuja kuitwa Bujumbura, palikuwa na nyumba ya mafunzo iliyoitwa foyer social, iliyofanya kazi tangu mwaka 1946 hadi 1960. Humo walimu wa Kibelgiji waliwafundisha wake wa wafanyakazi kushona, kutia viraka na kupiga pasi. Nyumba za namna hiyo zilikuwepo pia katika miji ya Kongo. Lengo lilikuwa kumfanya mama wa Kiafrika awe mke wa nyumbani kwa kipimo cha Ulaya. Kushona kwa malipo, wakati huo, ilikuwa kazi ya wanaume: fundi wa baraza alikuwa papa mwenye miwani na futi shingoni, ameketi mbele ya duka la mfanyabiashara wa vitambaa. Bibi zetu waliipokea sindano, wakaliacha lengo. Leo ukipita sokoni Mulongwe utaona wanawake wengi nyuma ya mashine, na watoto wao wanasoma kwa fedha ya kukanyaga.

Kazi yetu ina majira kama kilimo. Kuna majuma ya kabla ya tarehe 8 Machi, ambapo akina mama huleta vitenge vya sikukuu yao na kila mmoja anataka kola isiyofanana na ya jirani. Kuna nguo za Komunyo ya Kwanza, kuna vitambaa vya kwaya, kuna magauni ya arusi za wakati wa kiangazi. Lakini msimu mkubwa ni Agosti na Septemba, sare za shule: shati jeupe, suruali au sketi ya buluu, mamia kwa mamia. Katika majuma hayo fundi hushona tangu adhuhuri hadi usiku wa manane, na umeme ukikatika, kama ilivyo desturi yake, huwasha taa ndogo na kuendelea. Mwenye mashine ya umeme huketi akingoja, naye mteja wake huvuka barabara. Hatusemi kwamba umeme ni adui. Siku utakapokuwa wa kutegemewa tutafurahi kama wengine. Kwa sasa miguu yetu haikatiki.

Jambo jingine ni gumu kuliko hilo, nalo ni kukimbia. Watu wa Uvira wameihama miji na vijiji vyao mwezi wa Oktoba 1996, tena Agosti 1998, tena Oktoba 2002, na katika miaka ya karibuni ambayo haihitaji kutajwa kwa sababu vumbi lake bado liko viatuni. Wasioishi hivi hawajui maswali yanayoulizwa katika robo saa ya mwisho: godoro au sufuria, vyeti au unga? Fundi huuliza moja zaidi. Kichwa cha cherehani ya zamani kimeshikwa na bawaba mbili. Ukizilegeza skrubu zake kinatoka mezani. Uzito wake ni kama kilo 12. Mama anaweza kukifunga kwa kitenge, akakiweka ndani ya beseni, akajitwisha, akatembea nacho hadi Gatumba. Meza na miguu ya chuma hubaki nyuma, na mara nyingi hazikutwi tena. Lakini kichwa kikifika, fundi wa mbao wa huko atatengeneza meza, gurudumu la mkono litafungwa, na baada ya siku chache wakimbizi watakuwa wakileta nguo zilizochanika njiani. Tumewaona mama zetu wakianza maisha mara tatu kwa chuma kile kile. Nyumba haijitwishwi kichwani, wala shamba, hicho kilijitwishwa.

Katikati ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukachukua watu na nyumba, tulijifunza tofauti nyingine. Maji yalipopungua tulifukua vitu kwa majembe. Cherehani mbili za jirani zetu zilitoka topeni siku moja. Moja ilikuwa nyeusi ya zamani. Nyingine ilikuwa nyeupe, nyepesi, yenye mwili wa plastiki, iliyonunuliwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Nyeusi ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikakaushwa juani, ikatiwa mafuta. Juma la tatu ilishona. Ile nyeupe ilipofunguliwa, meno yake ya ndani, nayo ya plastiki, yalikuwa yamejaa mchanga na kulika. Hapakuwa na kipande cha kubadilisha wala mahali pa kukiagiza. Watoto waliichukua wakaichezea.

Tukizungumzia mafuta, tunaomba tuingize neno kwa mafundi wenzetu: mawese si mafuta ya mashine. Tunajua kwamba ya mashine hukosekana na ya mawese yanatoka Fizi kila siku ya soko, lakini baada ya muda mawese huganda ndani ya chuma kama gundi, na kuyatoa ni kazi ya siku nzima.

Sokoni leo kuna nini? Kuna cherehani za Kichina, na miongoni mwake Butterfly kutoka Shanghai imewasomesha watoto wengi wa Afrika Mashariki, hatutaidharau. Kimsingi ni mtoto wa ile 15 ya zamani, kwa maana muundo wa 15 ulinakiliwa sana na viwanda vya Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha na vya nchi nyingine. Ndiyo sababu bobini ya mashine iliyosubiwa Kilbowie huingia katika mashine nyingi mpya za leo, na sindano vilevile. Lakini mbele ya zile nzuri zimejipanga nakala za nakala. Chuma chake ni chepesi, rangi hubambuka kama ngozi ya kitunguu, skrubu huota kutu zikiwa bado dukani, na mara nyingine jina la kampuni kubwa limebandikwa juu ya kitu ambacho kampuni hiyo haijakiona. Mnunuzi hulipa kidogo, kisha hulipa tena, kisha hulipa mara ya tatu, na mwisho amelipa bei ya mashine njema bila kuipata.

Hapa hasara si ya fedha pekee. Katika nchi yetu, vijana wanaoweka silaha chini wamekuwa wakifundishwa useremala, uashi, ufundi wa magari na ushonaji, kisha wakapewa vifaa vya kuanzia. Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Sisi tumeona bunduki ikirudishwa na cherehani ikitolewa, mkono kwa mkono. Kijana mmoja tuliyemfundisha mikunjo ya suruali alikuwa na vidole vyepesi ajabu. Mashine aliyopewa na waliomhudumia ilikufa kabla ya mwaka kuisha. Aliileta kwetu, tukaifungua, tukaifunga, tukaifungua tena. Alituuliza kwa upole kama kweli kuna mtu aliyewahi kuijaribu kabla ya kumpa. Hatukuwa na jibu. Tukampa nafasi kwenye mashine yetu siku za Jumanne na Alhamisi, na kwa muda alikuja. Bunduki aliyoirudisha, alitueleza, ilikuwa na umri kumzidi na haikuwahi kukwama.

Maneno yake yalitufanya tutafute habari za watengenezaji, na tulichokikuta kilitushangaza. Husqvarna wa Uswidi walianza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki cha mfalme. Mwaka 1872, mahitaji ya bunduki yalipopungua, wakaanza kutengeneza cherehani kwa mitambo na mikono iliyozoea kuchonga chuma kwa vipimo vya unywele. Remington wa Marekani, watu wa bunduki, nao walitengeneza cherehani. Na walipoanza kutengeneza mashine ya kuandikia mwaka 1873, kazi hiyo ilitoka katika idara ya cherehani, kwa hiyo mashine ya kwanza ya kuandikia ilikuwa na maua ya kuchorwa na kanyagio la mguu. Makarani waliandika wakikanyaga kama sisi.

Singer walikwenda njia iliyo kinyume. Wakati wa vita kiwanda cha Kilbowie kilitengeneza zana za vita. Huko Marekani, mwaka 1941, Singer walitengeneza bastola 500 kwa ajili ya jeshi, kwa agizo la majaribio, zikasifiwa kwa ubora wake. Baadaye, mwaka 1968, kampuni ilinunua kampuni ya vifaa vya ndege na ya kijeshi, na upande huo ukakua hadi ukaumeza ule wa kwanza. Mwaka 1986 Singer waliitenga biashara ya cherehani, wakabaki na ya vyombo vya anga na ulinzi. Kwa hiyo wafua bunduki wa Uswidi na washonaji wa Marekani walipishana njiani, kila mmoja akielekea alikotoka mwenzake. Na jambo la kushangaza zaidi ni kwamba majina yao yalikutana tena: tangu mwaka 2006, cherehani za Singer, za Husqvarna Viking na za Pfaff wa Ujerumani zimo chini ya kampuni moja, SVP Worldwide. Urithi wote huo, wa kujua kufanya chuma kitii, uko katika nyumba moja. Ndiyo maana tunaielekeza haja yetu kwenye mlango huo.

Zile bastola 500 leo zinasakwa na wakusanyaji wa Marekani, ambao hulipa makumi ya maelfu ya dola, na wakati mwingine zaidi, kwa moja tu. Wanasifu weusi wa chuma chake na jinsi vipande vyake vinavyokaa pamoja bila kulegea. Tunawaelewa kuliko wanavyodhani. Sifa hizohizo tunazisema barazani kuhusu cherehani iliyotoka katika nyumba ileile. Tofauti ni kwamba wao wanakitaka kitu ili kikae kabatini.

Wakusanyaji wa cherehani nao wapo. Kampuni moja ya nguo ya Uingereza, AllSaints, imepamba madirisha ya maduka yake kwa mamia ya cherehani za zamani zilizopangwa rafu juu ya rafu, bila uzi. Miguu ya chuma yenye jina la SINGER imegeuzwa meza za mikahawa. Na mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba ndani ya cherehani za zamani za Singer kuna zebaki nyekundu, kitu chenye thamani isiyo na kifani; watu wakazipandisha bei hadi makumi ya maelfu ya riyali, na wengine wakazisogelea na simu mkononi kuona kama mawimbi yatakatika. Hapakuwa na zebaki yoyote. Tulicheka tuliposimuliwa, kisha tukanyamaza, maana kila mashine iliyovunjwa kwa ajili ya zebaki, na kila moja iliyowekwa dirishani, imepungua katika zile zinazoweza kushona.

Wapo watu wema Uingereza, kama Tools for Self Reliance, wanaokusanya cherehani kuukuu, kuzitengeneza na kuzituma Afrika. Mungu awabariki. Lakini kisima hicho kinakauka, kwa sababu hakuna mashine nyingine za namna hiyo zinazozaliwa kujaza pengo.

Kampuni yenyewe inajua kwamba watu wanaipenda sura ile. Mwaka 2011, kusherehekea miaka 160, ilitoa mashine yenye mwili mweusi, umbo la zamani na nakshi za dhahabu. Ndani yake mlikuwa na mota, vitufe na mishono kadhaa inayochaguliwa kwa elektroniki. Ilikuwa nzuri, nasi hatuna neno baya juu ya walioinunua. Ila ilitudhihirishia kwamba walihifadhi kanzu wakamwacha mwenye kanzu. Tunachokihitaji ni kinyume chake. Ikibidi kuchagua, nakshi ziondolewe zote, simba wa Misri apumzike, mradi chuma kibaki chuma.

Mtu aweza kutujibu kwamba India bado kuna cherehani nyeusi za kukanyaga madukani, za Singer wa huko na za Usha, basi tuagize. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na linathibitisha kwamba kazi hii haijasahauliwa duniani. Lakini njia kati ya kiwanda cha India na baraza la Uvira ina mikono mingi, na kila mkono huongeza bei yake na kupunguza dhamana yake. Kinachofika hapa, kikifika, hakina mwakilishi wala kipuri. Mashine bila vipuri ni sanamu ya mashine.

Na bei? Hapa ndipo tunapaswa kusema kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi kudai bei ndogo na kusahau nani ataibeba. Mwezi wa Machi 1911, huko Kilbowie, wanawake kumi na wawili waliokuwa wakisugua na kung'arisha mbao za meza za cherehani waligoma, baada ya kuongezewa kazi ya wenzao walioondolewa na malipo yao kupunguzwa. Katika siku chache zaidi ya wafanyakazi elfu kumi walikuwa wametoka kuwaunga mkono. Mgomo ulivunjika baada ya majuma matatu, na mamia walifukuzwa kazi. Huenda baadhi ya meza tunazozirithi, zile ambazo mng'ao wake bado unaonekana ukipitisha kitambaa chenye mafuta, zilipita mikononi mwa wanawake wale. Hatutaki cherehani ambayo unafuu wake umetolewa katika mfuko wa mwanamke mwingine, awe wa Clydebank, wa Shanghai au wa Kolkata. Tutakuwa tumeshona nguo za watoto wetu kwa uzi wa kuibia watoto wao.

Basi bei ya haki tunaipima hivi: iwe kiasi ambacho fundi mmoja, baada ya kula na kulipa kodi ya baraza, anaweza kukiweka akiba kwa misimu miwili ya sare za shule, miaka miwili. Si bure, na tunakataa iwe bure, kwa kuwa vya bure tumevionja. Ilipwe kidogo kidogo, kama alivyofanya Clark mwaka 1856, kupitia vikundi vya akiba ambavyo tayari vipo katika kila shirika na kila mtaa, ambavyo wanachama wake wanajuana kwa majina ya watoto wao na deni lisilolipwa halilali. Mkopeshaji yeyote angefurahi kuwa na wadhamini kama hao. Na unafuu utoke panapostahili: hataza zimekwisha muda kitambo, muundo hauhitaji kubuniwa upya, hakuna mota, hakuna waya, hakuna matangazo ya televisheni. Aina moja tu, rangi moja, mshono mmoja ulionyooka. Atakayetaka maua na mapambo atayafanya kwa mkono, kama tunavyofanya.

Tukiulizwa nini kingine, tutataja vichache. Kichwa kiendelee kutoka kwa skrubu mbili, kwa sababu zilizokwisha elezwa. Sindano na bobini ziwe za ile 15, zinazopatikana Bujumbura hata siku mbaya. Mkanda uwe wa ngozi, lakini gurudumu likubali pia ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Vipuri viuzwe kwa namba, kimoja kimoja, si lazima kununua sanduku zima. Na kitabu cha maelezo kiandikwe kwa Kiswahili, chenye michoro mikubwa, maana mafundi wetu bora wa kutengeneza mashine, wale wazee wa Mulongwe wanaosikiliza cherehani kama mganga anavyosikiliza kifua, hawakusoma Kifaransa kingi na Kiingereza hawakukisoma kabisa.

Barua yenye maneno haya tumeiandaa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kwa msaada wa vijana wetu waliosoma, na itapelekwa kwa kampuni hiyo. Kwa wakati huu tuna wasichana tisa wanaojifunza na mashine tatu, mbili kati yake za 15K. Wanapokezana kwa saa. Mmoja akikanyaga, wawili hukata vitambaa na kupiga pasi, na aliye mdogo kuliko wote, ambaye bado miguu yake haijafika vizuri kwenye kanyagio, amepewa kazi ya kutia mafuta kila asubuhi, tone moja kwa kila tundu, akihesabu kwa sauti ili asiruke hata moja.